Breki za Gari la Maziwa la Gitting

Funguo za gereji nimeshakabidhi, na koti langu lenye matundu nimelichoma mwenyewe asije mtu akalivaa akajiona fundi. Sasa naandika. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupendeza humu. Ninyi mliobaki kwenye gereji yetu hapa Katesh mtasoma mkiwa mmekaa na mikono mmenawa, na mtu asije akaniambia kwamba hakuambiwa.

Habari za vyeo na mshahara siandiki. Vyeo sikupata, na mshahara haukuwa na habari ndefu.

Nilianza kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Basotu, si kama fundi, bali kama mchemsha maji. Kulikuwa na matrekta na mashine za kuvunia zilizotoka nchi za Wazungu, na karakana yake ilikuwa kubwa kuliko kanisa. Betri za siku zile zilikunywa maji kama ndama, na maji ya kisima yana chumvi inayoua betri. Basi kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji kwenye pipa na kukinga mvuke uliogeuka kuwa maji tena. Siku nzima unachemsha pipa, unapata ndoo.

Fundi betri alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Kondoa, mwembamba, hasemi jambo mara mbili. Siku yangu ya kwanza maji makali ya betri yalinirukia kwenye kanga. Sikusikia maumivu, sikuona kitu. Jioni nilipoketi nyumbani na kuinuka, kipande cha kanga kilibaki kwenye kiti. Kesho yake nikamweleza Mzee Hamisi.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Kwamba yale maji ni mabaya."

"Hata jana yalikuwa mabaya. Leo vaa gunia."

Nilivaa gunia mwaka mzima mpaka akanitafutia aproni ya ngozi. Hakuniambia ni zawadi. Aliitundika kwenye msumari wangu akaondoka.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kushuku. Betri mpya ikiletwa, sisi wengine tulikuwa tunasoma karatasi iliyobandikwa juu. Yeye hakusoma. Alikuwa anainyanyua kwa mikono miwili, anaitikisa karibu na sikio, anainusa, halafu ndipo anachukua kile kioo chenye mpira juu na kielea ndani, anapima maji ya kila seli. Alisema karatasi imeandikwa na anayeuza. Siku moja uliletwa mzigo wa betri zilizozibwa vizuri, zinang'aa. Akanyanyua moja, akainyanyua tena. Akaniambia tuipeleke kwenye mizani ya ngano tuipime pamoja na betri yetu ya zamani ya ukubwa ule ule. Mpya ilikuwa nyepesi. Meneja akasema nyepesi ndiyo za kisasa. Mzee Hamisi akaipasua mbele yake. Ndani sahani za risasi zilikuwa pungufu, na nafasi iliyobaki ilijazwa vipande vya plastiki. Meneja akaamuru mzigo wote urudishwe, na tangu siku ile sijanunua betri bila kuipima uzito. Mizani ile ya zamani iliyoko nyuma ya mlango wa gereji, ambayo mmekuwa mkitaka kuiuza chuma chakavu, ndiyo kazi yake. Iacheni.

Mashamba yalipopungua nguvu nikahamia hapa Katesh, nikafungua mahali pa kuchaji betri. Watu walileta betri za redio na za televisheni kutoka kila upande, wengine kutoka Yaeda Chini wamezifunga juu ya punda. Punda mmoja aliungua mgongo kwa sababu mwenyewe alilaza betri ubavu. Nilimsafisha punda kwanza kwa maji na magadi, ndipo nikamgeukia mwenye punda kwa maneno.

Hapo barabarani nimekaa nikiwatazama wenye viwanda wakipokezana. Gari la Mwingereza nililikuta likiwa mfalme. Unalifungua kwa spana tatu, linavuja mafuta lakini linafika. Likaja la Mjapani, linawaka kwa ufunguo mmoja asubuhi ya baridi, na la Mwingereza likahamia nyuma ya nyumba za watu, kuku wakalalia ndani. Ikaja bajaji ya Mhindi, ikaja pikipiki ya Mchina. Kila mmoja alitanguliwa na kijana mwenye viatu visafi, na kila kijana alisema hiki ndicho cha mwisho, hakuna kingine kitakachokuja. Nilikuwa namuuliza swali moja tu: ukiondoka, nani atafungua? Wengi walicheka.

Sasa ni zamu ya magari ya umeme. Wajukuu wananionyesha kwenye simu. Mchina anamkimbiza Mjapani, Mhindi anapita pembeni, Wazungu wanapandisha ushuru ili wasipitwe mlangoni kwao. Wanasema petroli itakwisha kazi. Inawezekana. Lakini mimi nimekaa karibu na barabara muda mrefu, najiuliza yale magari yao ya petroli watayapeleka wapi siku wakiyachoka. Watayaleta huku. Na betri zao zilizochoka zitafuata nyuma. Tunaambiwa hata madini ya betri hizo yamo kwenye ardhi ya nchi hii, yatoke yakiwa udongo, yarudi yakiwa gari lililozibwa lisifunguliwe. Sisemi ni vibaya. Nasema nitikise kwanza karibu na sikio.

Kesi ya mwisho niliyoshika ni hii, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Akina mama wa maziwa wa Gitting walitaka gari la kuteremsha maziwa mpaka hapa Katesh kila asubuhi. Mwenyekiti wao ni Mama Agnesi, mwanamke mnene wa sauti, asiyependa kucheleweshwa. Walikuja wauzaji wawili wa magari ya matairi matatu ya umeme, mmoja ameleta la Mchina, mmoja la Mhindi, kila mmoja akisema la mwenzake linaoza. Mama Agnesi akaniita nikalitazame la Mchina, maana ndilo walilolipenda. Muuzaji alikuja na kijana kutoka Arusha, wote wanamwita Injinia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fungua betri."

"Haifunguliwi, bibi. Ikifunguliwa dhamana inakufa."

"Nani ameiziba?"

"Kiwandani."

"Na kiwanda kikifa?"

Akacheka kwa adabu. "Kile kiwanda hakifi, bibi."

"Hata cha Mwingereza kilikuwa hakifi."

Mama Agnesi akasema, "Sisi tunataka maziwa yafike kabla hayajachacha, bibi anataka kuzika kiwanda." Wanawake wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke.

Injinia akaeleza jambo ambalo sikuliamini. Alisema gari hilo likiteremka, mota inageuka kuwa jenereta. Inarudisha umeme kwenye betri, na wakati huo huo inashika gari lisikimbie. Kwa hiyo Gitting kwenda Katesh litateremka na mzigo likijichaji, halafu litapanda tupu. Nilimwambia sijawahi kuona gari linalolipwa kwa kwenda. Lakini walinunua, na miezi ya kwanza ikawa kama alivyosema. Mimi sikuacha kulitazama kila likipita.

Dereva alikuwa Felista, mama wa watoto wawili, mwanamke pekee wa Gitting aliyekwenda Babati kusomea udereva. Alipigania kazi ile mbele ya wanaume wanne, na wanne wale walikuwa bado wanaingoja.

Asubuhi moja gari lilikataa kushika mteremkoni. Felista akaliingiza kwenye tuta la udongo ili lisifike kwenye kona. Maziwa yote yakamwagika, na Mama Agnesi, aliyekuwa amekaa ubavuni mwake, akavunjika mkono.

Niliitwa siku ile ile. Nilifungua ngoma za breki, nikakuta breki za magurudumu zimeungua, zinanuka. Nikatazama swichi ya gia. Kwenye gari lile kuna mbele, katikati na nyuma. Ikiwa katikati, mota haishiki kitu. Mnajua tabia ya madereva wetu: wakifika mteremkoni wanaachia gia ili waokoe mafuta, gari linajiendea, halafu wanalaumu breki. Nimeona malori mangapi yameishia bondeni hivyo? Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

"Uliachia gia," nikamwambia Felista mbele ya wote.

"Sikuachia, bibi. Lilikataa kushika."

"Gari halikatai. Dereva ndiye anakataa."

"Kuna siku linakataa na siku linashika. Siku ambayo umeme ulikatika usiku, asubuhi linashika vizuri."

Mmoja wa wanawake akasema, "Kumbe breki zinaogopa umeme wa gridi." Kila mtu akacheka, pamoja na mimi, na mimi sicheki ovyo. Katibu wao akaandika kwenye kitabu cha mikutano kwamba dereva alizembea, aliachia gia mteremkoni, amesimamishwa, na kwamba wataamua kama ataondolewa kabisa. Chini ikaandikwa kwamba fundi amethibitisha. Nikasaini.

Mama Agnesi akampigia simu Injinia. Alikuwa ameweka sauti kubwa, nikasikia mwenyewe. Injinia akasema, "Bibi amesema kweli kabisa. Ni dereva. Andikeni hivyo hivyo, mnitumie na picha ya ukurasa."

Nilirudi Katesh na neno lile limenikaa shingoni. Maisha yangu yote hakuna muuzaji aliyekubaliana na mimi kwa haraka namna ile. Kama ningekuwa nimesema kweli, angebisha kidogo. Hapo nikaanza kujishuku mwenyewe, kazi ambayo sikuwa nimeizoea.

Baada ya siku mbili nikapanda Gitting, nikamkuta Felista anapalilia vitunguu saumu vya mama yake. Alisalimia kwa heshima, kisha akaendelea kupalilia.

"Niambie tena lile la umeme," nikasema.

"Ya nini, bibi? Umeshasaini."

"Niambie."

Akasimama. Akasema analichaji gari usiku, nyumbani kwa Mama Agnesi. Amri ya Mama Agnesi ni kwamba halitoki mpaka taa ya betri iwe imejaa kabisa. Hapo nilimwelewa Mama Agnesi, maana ndivyo watu wa Gitting walivyo. Mwanamke hatoki kwake na ndoo ya maziwa nusu. Wenzake watauliza nyingine ameuza wapi. Gunia linashonwa limejaa, debe linasawazishwa juu. Kutoka na kitu pungufu ni kujitangaza mvivu au mwizi. Basi na gari wakalifanyia hivyo hivyo. Ile miezi ya kwanza umeme ulikuwa unakatika karibu kila usiku, betri haikuwahi kujaa. Ulipotulia, ndipo Felista akaanza kuhisi mguu wake unakwenda chini na gari haliitikii. Alimwambia Mama Agnesi, akaambiwa akaze mguu.

Nikakaa kwenye tuta la kitunguu. Ninyi wote mnajua, betri ikishajaa ukaendelea kuichaji, inachemka na kurusha maji. Hii ya kisasa imezibwa na ina akili, haitaki kuchemka, kwa hiyo ikijaa inafunga mlango. Gari linateremka, mota inataka kurudisha umeme, umeme hauna pa kwenda. Na kama umeme hauna pa kwenda, mota haishiki. Mzigo wote unabaki kwenye breki za magurudumu, ambazo hazikutengenezwa kubeba mteremko mrefu peke yake. Zinaungua. Hicho ndicho nilichokiona mimi nikadhani ni uzembe.

"Felista," nikasema, "hukuachia gia."

"Ndivyo nilivyosema, bibi." Akainama akaendelea na jembe.

Lakini kusadiki si kuthibitisha. Nilimwambia Mama Agnesi amwite Injinia, na gari lilipokwisha kutengenezwa tukaliweka juu ya mteremko asubuhi kweupe. Makopo ya maziwa tulijaza maji. Pale kwenye kichepuko cha kwanza kinachopanda shambani tulipanga magunia ya pumba, ili gari likishindwa liingie huko. Betri ilikuwa imejaa kabisa. Injinia akasema Felista aendeshe.

"Hapana," nikasema. "Endesha wewe. Wewe ni injinia, huachii gia."

Nilikaa ubavuni kwake. Mama Agnesi alikataza, ana mkono kwenye plasta lakini mdomo mzima, nikamwambia nimeshazeeka na yeye hajapona. Tukaanza kuteremka. Mwanzoni Injinia alikuwa ananieleza mambo ya viwanda, jinsi wanavyoshindana, jinsi kila mwaka wanatoa gari jipya kabla la jana halijapoa. Halafu akaushika usukani kwa mikono miwili. Mguu wake uliingia chini, ukatoka, ukaingia tena. Harufu ya breki ikapanda.

"Bibi, shikilia," akasema.

"Nimeshikilia tangu juu."

Akaliingiza kichepukoni, tukagonga magunia, pumba ikatufunika mpaka kwenye kope. Hakuna aliyeumia. Tukangoja breki zipoe, tukalipandisha gari mara kadhaa na mzigo mpaka betri ikabaki robo tatu, tukateremka tena. Lilishika kama mtu anayeshusha mzee ngazi. Felista ndiye aliyeendesha safari hiyo, na Injinia alikaa nyuma na makopo.

Chini, Injinia akafungua simu, akatafuta kwenye kitabu cha gari kilichomo humo, akasoma. Nikamuuliza imeandikwa nini. Akasema imeandikwa. Kwa Kiingereza, mwishoni, kwa herufi ndogo: anayeanzia mlimani asijaze betri mpaka mwisho.

"Ulikisoma?"

"Bibi, kina kurasa nyingi mno."

Sikumpiga kelele. Nilitazama ule mlima, nikafikiri. Wale watu wamejenga gari lao wakiwa tambarare. Walidhani mtu analala chini, anapanda kwenda kazini, anarudi kulala. Mtu anayelala juu na kuteremka na mzigo walimwandikia mstari mmoja mwishoni. Anayekimbizana na mwenzake hivyo hana nafasi ya kuuliza mtu wa Gitting analala wapi. Na kesho atakuja mwingine wa bei ndogo zaidi, mwenye haraka zaidi, na kitabu kirefu zaidi. Ninyi ndio mtakaokuwa mlangoni. Someni ukurasa wa mwisho kwanza, halafu msiuamini, mkajaribu.

Mkutano uliitishwa kwenye nyumba ya maziwa. Injinia alikuwa ameleta andiko lake tayari. Kampuni yake ilipendekeza iandikwe tu kwamba gari limefanyiwa marekebisho na kazi inaendelea, dereva arudi, yaishe. Mama Agnesi alikuwa ameshaanza kukubali, maana maziwa yalikuwa yanachacha kila siku.

Felista akasimama. "Shikamooni mama zangu. Gari sipandi."

"Sasa unataka nini tena?" akauliza Mama Agnesi. "Si umerudishwa?"

"Ukurasa ule unasema nilizembea. Wewe umevunjika mkono, na ukurasa unasema ni mimi. Watoto wangu wanasoma. Siku moja watausoma."

"Tutaukata huo ukurasa," akasema katibu.

"Usikatwe," akasema Felista. "Ukikatwa watasema nimeuiba. Uandikwe mwingine."

Wakatazamana nani aandike. Injinia akasema itabidi aulize kwanza ofisini Arusha. Mimi nikamwambia katibu alete kitabu huku, kwa sababu saini iliyo chini ni yangu.

Naandika taratibu, mnanijua. Walikaa wakingoja, na hakuna aliyenisaidia neno. Niliandika: Mimi fundi betri nilikosea. Dereva Felista hakuachia gia. Betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo mota haikushika. Alisema ukweli siku ile ile na sisi tulicheka. Nikasaini, nikampa kitabu.

Akasoma. Akarudia kusoma, kidole chini ya kila neno, kisha akakigeuza akatazama nyuma ya ukurasa kama kuna kingine nimeandika huko. Akanirudishia.

"Bibi," akasema, "weka na tarehe."

Nikaweka.